Kuvuna maji ya mvua nyumbani huku kusini mwa Tanzania (Mtwara na Lindi): anza na bati na gata, tanki baadaye

Kila mwaka mwezi wa tisa ukiingia dumu la maji linapanda bei na maswali yanaanza upya. Simtanki la lita elfu mbili litanitosha? Maji ya bati yananyweka kweli? Nina nyumba ya nyasi nifanyeje? Fundi kaniambia gata lazima ziwe za dukani, ni kweli? Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwaiyo naandika yote sehemu moja, usome, upime paa lako mwenyewe, ufanye.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye nyumba ya kawaida ya bati, familia ya kawaida, na hela inayokuja kwa msimu. Nawalenga zaidi wa juu kwenye uwanda, Newala, Tandahimba, Mahuta, Nanyamba, ila wa Rondo kule Lindi na hata wa pwani ambao kisima kinatoa maji ya chumvi mtafaidika vilevile, hesabu haibadiliki.

Nadharia kidogo tu tuimalize. Uwanda wa Makonde juu ni mchanga, mvua ikinyesha inazama moja kwa moja, mito hamna, maji ya ardhini yapo mbali mno na chemchemi ziko huko chini kwenye mabonde. Ukisimama Shimo la Mungu, ukingoni mwa uwanda pale Newala, unaliona bonde la Ruvuma lote limelala chini yako, na nyuma yako kuna mtu anasukuma baiskeli yenye madumu. Hata mradi wa maji ya bomba wa Makonde unatoa maji Mitema huko bondeni na kuyapandisha kwa pampu, pampu ikisimama bomba nalo limesimama. Kuna wanaouliza mbona tusichimbe bwawa, jibu ni kwamba kwenye mchanga ule bwawa ambalo halijatandikwa mfinyanzi au turubai nzito linakunywa maji lenyewe, yakibaki kidogo jua linamalizia. Lakini mvua tunayo. Sehemu nyingi za Mtwara na Lindi zinapata kama milimita 800 mpaka 1,000 kwa mwaka, tatizo inakuja yote kwa msimu mmoja, Novemba mwishoni au Desemba mpaka Aprili au Mei, baada ya hapo ni vumbi. Maji tunayo Januari, tunayataka Septemba. Basi, nadharia imeisha.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Tepu ya kupimia, kamba nyembamba, na mpira mweupe wa leveli (ule unaoona maji ndani) wa mita 10 hivi
- Ngazi imara na mtu wa kuishika, sio mtoto
- Bomba za PVC za inchi 4 kama unatengeneza gata mwenyewe, au bati bapa geji 28 kama unampa fundi bati akukunjie
- Nondo nyembamba za milimita 6 au vyuma bapa vya kutengenezea vishikio, misumari, waya wa kufungia
- Elibo (kona ya bomba), tii (kiungio cha njia tatu), kofia za bomba, gundi ya PVC
- Wavu wa kahawa kipande, na wavu wa mbu wa dirishani kipande
- Pipa la plastiki lenye mfuniko, lita 60 au zaidi. Liulizie lilibeba nini, kama lilibeba dawa ya mikorosho liache hukohuko
- Saruji, mchanga, kokoto na tofali kwa ajili ya msingi wa tanki
- Tanki. Nimeliweka mwisho makusudi

Maana kosa namba moja, na ndio kubwa kuliko yote, ni mtu kupokea hela ya korosho akakimbilia kununua simtanki la lita 5,000 jeusi linang'aa, akaliweka uani, alafu gata hana. Mvua inanyesha pembeni yake. Msimu unapita tanki lina lita mia mbili za kukinga kwa kipande kimoja cha bati. Gata nzuri na mapipa ya kuazima itakupa maji mengi kuliko tanki kubwa lisilo na gata.

Hatua ya 1: Pima paa, ukiwa chini

Usipande juu kupima. Pima chini kwenye ardhi, urefu na upana wa eneo ambalo paa linalifunika pamoja na bati linalozidi ukuta. Mteremko wa bati hauongezi maji, mvua inaanguka kutoka juu haijali paa lako limeinuka kiasi gani.

Mfano nyumba ya mita 10 kwa 7, hiyo ni mita za mraba 70. Kanuni ni rahisi: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Toa asilimia 20 ya yanayoruka, yanayovuja na ya kumwaga. Sasa chukua mwaka ambao sio mzuri sana, milimita 800:

70 × 800 × 0.8 = lita 44,800

Hayo ni madumu 2,240 ya lita 20. Yamepita juu ya kichwa chako yakaenda kuchimba mfereji nyuma ya jiko.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kiangazi, sio ya mvua

Hapa ndio swali la "tanki la ngapi" linapojibiwa. Wengi wanafikiri mvua ikiwa kubwa ndio tanki liwe kubwa. Hapana. Tanki unalipima kwa siku ambazo hakuna mvua.

Familia ya watu 6, maji ya kunywa na kupika tu, weka lita 8 kwa mtu, ni lita 48, tuseme 50 kwa siku. Kiangazi chetu ukikihesabu kwa usalama ni siku 200 hivi. 50 × 200 = lita 10,000. Yani simtanki mbili za 5,000 au moja la 10,000, hiyo ni ya kunywa na kupika peke yake. Ukitaka na kuoga na kufua, lita 20 kwa mtu kwa siku, unaenda lita 24,000 na hapo tunaanza kuzungumzia tanki la kujenga, sio la kununua.

Na lile la 2,000? Kwa lita 50 kwa siku ni siku 40. Ukianza kulitumia Juni mosi, Julai 10 limekauka. Silisemi vibaya, kama uwezo ni huo linunue, ila ujue limekupa nini, na usigawie jirani mwezi wa sita ukidhani una bahari.

Ushauri wangu kwa anayeanza: lenga kunywa na kupika kwanza. Maji ya kufua unaweza kununua au kufuata ya mbali, hata yakiwa na chumvi au tope kidogo utafulia. Ya kunywa ndio yanayoleta kuhara, hayo yawe yako.

Hatua ya 3: Panga kazi kwa kalenda ya korosho

Hela yetu wengi inakuja Oktoba, Novemba, Desemba, minada ikianza kulipa. Mvua nayo hiyo hapo mlangoni. Mtu akisubiri alipwe ndio aanze kila kitu, mvua za kwanza, za pili na za tatu zinampita. Alafu zege linataka maji, na Oktoba maji ya kumwagia zege ni ya kununua.

Kwaiyo gawa. Mei na Juni, wakati bado kuna vijimaji, jenga msingi wa tanki. Saruji mifuko michache utaipata hata kwa kuuza ufuta. Agosti na Septemba tengeneza gata, hii ni kazi ya mikono zaidi kuliko hela. Hela ya korosho ikiingia unanunua tanki tu, linashuka kwenye gari linakaa kwenye msingi uliokwisha kauka, siku hiyohiyo unaunga bomba.

Kama hela ni ndogo sana weka gata upande mmoja wa nyumba mwaka huu. Nusu ya paa hilo la mita 70 bado ni lita zaidi ya elfu 22 kwa mwaka, tanki la 10,000 linajaa na maji mengine yanabaki ya kumwaga.

Hatua ya 4: Kagua paa

Bati la kawaida safi, lenye rangi ya kiwandani safi, vigae safi. Kutu kidogo haina noma kwa kunywa japo itachafua nguo nyeupe. Bati lililopakwa rangi ya debe usiyoijua ina nini, usinywe maji yake. Mabati ya zamani ya asbesto usiyakate, usiyasugue, usiyatoboe.

Nyasi na makuti maji yake yanatoka rangi ya chai na yana uchafu na wadudu, hayo ni ya kumwagilia na kuoshea miguu. Mwenye nyumba ya nyasi nimemjibu mwisho.

Kata matawi ya mwembe na mkorosho yaliyolalia paa. Majani yanaziba gata, na kunguru, popo na panya wanatumia tawi kama daraja, na wote hao wanaacha vinyesi juu ya maji yako.

Hatua ya 5: Tengeneza na funga gata

Gata za dukani ni nzuri kama unazo hela. Sio lazima. Bomba la PVC la inchi 4 ukilipasua katikati kwa urefu unapata gata mbili. Lilaze kati ya mbao mbili lisizunguke, piga mstari kwa kamba yenye mkaa pande zote mbili, pasua kwa grainda (vaa miwani) au kwa msumeno wa chuma kama una subira. Mianzi iliyopasuliwa nayo inabeba maji, babu zetu wameitumia sana, ila inapasuka na kuoza, mwaka mmoja au miwili unarudia.

Ukubwa: kila mita 1 ya mraba ya paa inataka gata yenye tumbo (eneo la ndani ukiikata kwa upana) la sentimita 1 ya mraba. Nusu ya bomba la inchi 4 ina kama sentimita 44 za mraba, kwaiyo inahudumia upande wa paa mpaka mita za mraba 40 na kidogo. Upande wako ukiwa mkubwa zaidi, tumia bati lililokunjwa kwa upana zaidi, au weka bomba la kushukia kila mwisho ili maji yagawane njia.

Mteremko ndio unaowashinda mafundi wengi, wanafunga kwa jicho. Usikubali kufungiwa kwa jicho. Chukua mpira wa leveli, jaza maji, toa povu lote, shika ncha moja upande mmoja wa nyumba na nyingine upande wa pili, weka alama sawa kwenye fisha bodi (ubao wa ukingoni mwa paa). Kutoka hapo shusha nusu sentimita mpaka sentimita 1 kwa kila mita kuelekea kwenye tanki. Nyumba ya mita 10 ni kushuka sentimita 5 mpaka 10. Vuta kamba kutoka alama ya juu mpaka ya chini ikaze, kila kishikio kifuate kamba. Vishikio viwe kila baada ya sentimita 60 hivi, ukiweka mbali gata inalegea tumbo katikati, maji yanatuama, mbu wanataga.

Ncha ya bati iingie ndani ya gata kama theluthi moja ya upana wake. Ikiingia mno, maji ya mvua kubwa yanaruka upande wa pili, ikiwa fupi yanarudi ukutani. Zile mvua za Januari zinazopiga kwa hasira maji yanatoka kwenye bati kwa kasi na kuivuka gata kabisa, dawa yake ni kupigilia kibati chembamba kimesimama ukingo wa nje wa gata kuyarudisha.

Ukimaliza, kabla ya kushuka ngazi, mwaga ndoo moja mwanzo wa gata. Maji yafike mwisho yote. Kama yanabaki dimbwi sehemu, rekebisha leo.

Hatua ya 6: Bomba la kushukia na la kumwaga maji ya kwanza

Mdomo wa bomba la kushukia weka wavu wa kahawa uliokunjwa ukae kama kikapu, unazuia majani. Ukilaza wavu bapa, jani moja la mwembe linatosha kuziba tundu lote.

Sasa sehemu ambayo wengi wanairuka. Maji ya kwanza ya kila mvua yanaosha paa, yana vumbi, vinyesi na kila kitu. Hayaingii tankini. Kipimo ni lita 1 kwa kila mita ya mraba ya paa, upande wa mita 35 unamwaga lita 35. Kuna namna mbili:

Ya kwanza ni ya mkono. Elibo ya mwisho inayoingia tankini usiigundishe, iache iweze kuzungushwa. Mvua ikianza inaelekea nje, ikishanyesha dakika 10 hivi na maji yametakata mtu anaizungushia tankini. Rahisi na bure, ubaya wake mvua ikija usiku wa manane hakuna anayetoka.

Ya pili inajiendesha yenyewe. Bomba linaposhuka weka tii. Mkono wa chini wa tii unashuka kwenye pipa lililofunikwa vizuri, mkono wa pembeni unaelekea tankini. Mvua ikianza maji yanashukia pipani, pipa likijaa mpaka juu na bomba lake likijaa, maji yanayofuata hayana pa kwenda isipokuwa kugeukia tankini. Mfuniko lazima ukaze na ukingo uzibwe, vinginevyo yatakuwa yanafurikia pipani tu na tanki halipati kitu. Chini ya pipa toboa tundu dogo la msumari lidondoke polepole, mpaka mvua inayofuata liwe tupu. Watu wanatumia bomba la inchi 4 lenye kofia badala ya pipa, sawa, ila mita moja ya bomba hilo inabeba kama lita 8 tu, kwa paa kubwa halitoshi.

Hatua ya 7: Salfa

Hii nimeipa hatua yake kwa sababu miongozo ya maji ya mvua ya sehemu nyingine huwezi kuikuta. Sisi tunaishi ndani ya mikorosho. Kuanzia Mei, Juni mpaka Agosti, Septemba watu wanapuliza salfa, unga wa njano wa kukinga mikorosho na ukungu, na dawa nyingine, mashine inanguruma alfajiri, wingu la njano linapanda na upepo unalipeleka linapotaka. Pitisha kidole kwenye bati la nyumba iliyo karibu na shamba mwezi wa nane, kinatoka na unga. Kwenye gata unakuta umekaa mstari, umeshikana na vumbi na majani makavu kama keki.

Kwaiyo fanya hivi. Kipindi chote cha kupuliza, bomba la kuingia tankini lifungwe au ligeuziwe nje, hata kikinyesha kimvua cha bahati mbaya usikikinge. Oktoba mwishoni fagia paa kwa fagio la mti mrefu, toa uchafu wa gata kwa mkono ukiwa umevaa glavu, usiusukumie kwenye bomba. Mvua za kwanza za msimu, mbili au tatu za maana, ziache zote ziende nje, zipeleke kwenye migomba au kinga kwa kufulia. Najua inauma kumwaga maji baada ya miezi sita ya ukame, lakini salfa tuiweke pembeni, kuna wanaopuliza viuatilifu vya maji ambavyo sio vya mchezo na havichemki vikaisha. Kuchemsha kunaua vijidudu, sumu haiondoi. Kama jirani anapuliza mpaka ukutani kwako ongea naye, apulize upepo ukiwa umetulia.

Hatua ya 8: Msingi wa tanki

Lita 5,000 ni tani 5 zikikaa sehemu moja. Kwenye mchanga wetu tanki likikaa bila msingi linaegemea, bomba linakatika, tanki linapasuka kitako. Ondoa udongo wa juu kama futi moja, mwagia maji kidogo, shindilia. Jenga duara la tofali lenye upana unaozidi kitako cha tanki kila upande, jaza kifusi kwa matabaka huku unashindilia kila tabaka, juu mwaga zege sentimita 10 la 1 kwa 2 kwa 4, saruji, mchanga, kokoto. Kokoto huko juu ni ghali kwa sababu mawe hamna, mtu anakushawishi uweke tofali zilizovunjwa. Kwa tanki la elfu moja sawa, kwa tani 5 usimsikilize. Zege limwagiwe maji wiki nzima.

Kimo cha msingi kitoshe ndoo kukaa chini ya koki, lakini mdomo wa juu wa tanki ubaki chini ya gata. Pima hili kabla ya kujenga! Nyumba nyingi zetu ni fupi, tanki refu likipandishwa kwenye msingi mrefu linaizidi gata na hapo hamna maji yatakayopanda.

Hatua ya 9: Weka tanki na uzibe kila tundu

Chagua tanki jeusi au la rangi nzito, mwanga ukiingia maji yanaota ukijani. Koki ikae kama sentimita 10 juu ya kitako, tope libaki chini. Bomba la kumwagia ziada liwe unene uleule wa linaloingiza, litoke mbali na msingi, na mwisho wake lifungwe wavu wa mbu. Kila tundu lifungwe wavu wa mbu, hata ukiona ni dogo.

Angalia: usichujie maji kwa chandarua chakavu. Vyandarua tunavyogawiwa vina dawa. Tumia wavu wa dirishani usio na dawa, au kitambaa safi cha pamba.

Tanki tupu upepo unalibeba. Wa pwani mnakumbuka kimbunga Hidaya Mei 2024. Lifunge kwa kamba nzito kwenye nguzo mbili au litie maji kidogo kabla ya kuliacha usiku wa kwanza.

Anayejenga tanki la chini uani, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za zamani: ukingo upande juu ya ardhi angalau nusu mita ili maji ya uani yasiingie, mfuniko mzito wenye kufuli kwa ajili ya watoto, na choo kiwe mbali, mita 30 na kuendelea. Maji ya kwanza kwenye saruji mpya yanakuwa machungu, fulia, ujaze upya. Siku ya kusafisha usishuke peke yako, fungua mfuniko mapema hewa ibadilike, mtu abaki juu na kamba, na pampu ya petroli isiwashwe ndani wala mdomoni pa tanki kwa namna yoyote, moshi wake unaua mtu kabla hajajua kinachomtokea.

Hatua ya 10: Kunywa

Maji yakishatulia tankini yanaonekana safi, bado yatibu. Chemsha mpaka yatokote, au weka dawa ya maji ya dukani kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio, subiri dakika walizosema. Asiye na kuni wala hela ya dawa ajaze chupa za plastiki zinazopitisha mwanga, zisizidi lita 2, azilaze juu ya bati juani kwa muda wa masaa 6 mfululizo, siku ya mawingu mengi azilaze siku mbili. Maji yakiwa na ukungu yachuje kwanza, jua halipenyi tope. Chota kwa koki, kikombe kisizame tankini.

Hatua ya 11: Linda maji mpaka Desemba

Tanki kubwa linamdanganya mwenye nalo. Aprili likijaa watu wanaoga ndoo mbilimbili. Chora mistari ubavuni kwa rangi, au tumia mti mrefu safi wenye alama. Kwa tanki la 10,000 na matumizi ya lita 50, Juni mosi limejaa, Julai mosi liwe na kama 8,500, Agosti 7,000, Septemba 5,500, Oktoba 4,000, Novemba 2,500, Desemba 1,000. Ukiona Agosti uko 6,000 punguza hapohapo, usingoje Oktoba. Koki yenye kufuli, ufunguo kwa mama au bibi, madumu mawili na nusu asubuhi, imetoka. Maji ya kuoshea vyombo na kuogea yaende kwenye miche ya mikorosho.

Na Januari, Februari mvua inapokata kwa wiki kadhaa, usiogope kutumia, bado kuna za Machi. Cha kuangalia ni kwamba Aprili inapoisha liwe limejaa mpaka juu.

Likisumbua, angalia hapa

*Maji yananuka.* Mara nyingi ni majani yaliyooza kwenye gata au mjusi kaingia. Fungua uangalie. Ukikuta mnyama kafa, mwaga yote, sugua, suuza, kama ni Agosti na huwezi kumwaga basi yawe ya kufulia tu.

*Yana viluwiluwi.* Kuna tundu. Usihangaike na dawa kabla hujaliona, huwa ni bomba la ziada au ukingo wa mfuniko.

*Rangi ya chai.* Majani ya mwembe. Kata tawi, safisha gata.

*Ukijani.* Mwanga unaingia. Funika tanki kwa turubai au lipake rangi nzito nje.

*Mvua kubwa, tanki halijai.* Simama chini ya gata mvua ikinyesha, utaloa ila utaona. Ama maji yanairuka gata, ama wavu umeziba, ama mfuniko wa pipa la maji ya kwanza umelegea. Hili la mwisho ndio linasahaulika.

*Gata inavuja kwenye maungio.* Kausha, sugua na msasa, gundi upya, na ongeza kishikio karibu na ungio maana uzito ndio uliolifungua.

*Koki haitoi na tanki lina maji.* Tope limefika kwenye koki. Likikaribia kuisha Novemba lilaze, lisugue kwa brashi na maji ya klorini kidogo, suuza, kabla ya msimu mpya.

*Nyumba ni ya nyasi.* Usingoje mpaka ujenge ya bati. Jenga kibanda cha nguzo nne uani, bati sita zenye upana wa sentimita 80 hivi na urefu wa mita 3, mteremko wa upande mmoja, gata moja upande wa chini. Hilo ni eneo la mita za mraba 14 hivi, kwa mvua ya milimita 800 ni karibu lita 9,000 kwa mwaka, na chini yake unapata kivuli cha kubangulia korosho. Bati sita wanaume wawili wanamaliza kwa siku moja. Familia ikija kujenga nyumba ya bati, unazing'oa unazipandisha.